Miche ya sukuma kurefuka chini ya mparachichi

Ndugu wa Nakuru, umeuliza kwa nini miche yako ya sukuma wiki inarefuka chini ya mparachichi, na kama inahitaji samadi. Haikosi mbolea, inakimbia kivuli. Majani ya mparachichi hunyonya mwanga mwekundu (urefu wa wimbi karibu nanomita 660) na kuachia mwekundu wa mbali, ambao jicho letu haliuoni vizuri (karibu nanomita 730), upite. Mche una protini iitwayo faitokromu inayopima uwiano wa hizo mbili. Ule wa mbali ukizidi, mche hufahamu kuna jirani juu yake, ukakazana kurefusha shina: jembamba, limepauka, na ukiupandikiza unalala chini. Samadi zaidi haitaponya hilo.

Hamishia kitalu mahali peupe, ila polepole. Siku ya kwanza jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili, kisha ongeza kila siku kwa wiki moja, la sivyo majani yataungua. Ukihitaji kivuli, neti nyeusi ni afadhali kuliko mti: hupunguza mwanga bila kubadili rangi zake sana.

Miche iliyokwisha kurefuka haifupiki. Ipandikize kwa kina, udongo ufike chini kidogo ya majani ya kwanza.

Miche ya ndani ya nyumba kupinda kuelekea dirishani ni jambo jingine. Hiyo ni kazi ya fototropini, protini nyingine ya mche, ikifuata mwanga wa buluu. Geuza trei kila asubuhi.