Babu, Baniani ni nani?

SWALI: Shikamoo Babu. Nimeolewa Mikindani mwaka jana. Mama mkwe kila akinituma dukani husema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Nikitazama majumba ya kale yenye roshani, naambiwa yalikuwa ya Wahindi. Walifuata nini mji mdogo namna hii?
Bi Harusi, Mikindani

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Walifuata biashara: pembe na sandarusi, baadaye ufuta na korosho. Wengi walitoka Kutch na Kathiawar, huko Gujarat, wakashuka na majahazi ya kaskazi. Baniani hasa ni Mhindu. Yule wa mtaani kwetu Lindi alikuwa Khoja, Mwislamu, na bado tulimwita Baniani. Jina la "bepari" nalo ni lao, maana yake mfanyabiashara tu. Enzi za Azimio la Arusha, 1967, lilitumika kama tusi.

Mbele duka, nyuma nyumba. Mimi nilikuwa kijana wa kupima mchele kwa kibaba. Bwana alikopesha mpaka msimu wa korosho, akiandika kwenye daftari jekundu kwa Kigujarati. Siku moja nikamwomba anisomee mstari wa mama. Akasoma: "Mke wa mvuvi, kipini puani, nyumba ya mwembe." Jina la mama hakulijua, ila deni lake alilijua mpaka senti.

Mkewe hakukaa dukani. Aliuza mafuta ya taa mlango wa nyuma, na kwa wanawake waliofika pale akajifunza Kimwera hadi akamshinda mumewe. Embe mbichi za achari alizianika juu ya bati la banda. Nilizidokoa sana, na nadhani alijua. Lakini kuoana nao, mjukuu wangu, hilo lilikuwa halisemwi.

Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majengo ya shilingi laki moja na zaidi, ghorofa yao nayo ikachukuliwa. Wakahamia Dar es Salaam, kisha Kanada. Wiki ya kuondoka bwana alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Mama alidaiwa shilingi kumi na saba, akazidai zote, mama akauza kuku akalipa. Jioni mkewe akaniita mlango wa nyuma, akanipa chupa ya achari, kubwa, imefungwa kitambaa kwa kamba ya katani. Tuliila mpaka Ramadhani.