Nyumba ya kupangisha inakula mshahara: yangu ya Kivule niliuza, yako ya Chamazi nakushauri usiuze sasa

Kaka, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nyumba ipo Chamazi, uliijenga kwa mkopo wa mshahara, unakatwa 620,000 kila mwezi na mpangaji anakulipa 250,000. Kila mwezi unaongezea 370,000 yako, mkopo umebakiza miezi 22, wifi anataka muuze, wewe unasema nyumba haiozi. Mimi nimepita humo humo, na yangu niliuza. Hata hivyo wewe sikushauri uuze sasa, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kutafuta dalali.

Yangu ilikuwa Kivule, ukitoka Banana unapita Kitunda, unaendelea mbele. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, uzio wa tofali na geti. Msingi niliuchimba 2011 kwa hela ya upatu, kupaua nikapaua kwa mkopo, tukahamia 2014. Mwaka 2018 ofisi yetu ikahamia Dodoma, nikaondoka na wanangu, nyumba nikaipangisha 300,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ikiingia kwa mkupuo, 1,800,000, unajiona una mradi. Baada ya wiki tatu haipo na huwezi kueleza imefanya nini. Nami nilikuwa nasema maneno yako haya haya: tatizo ni mkopo, ukiisha nitapumua.

Mkopo uliisha Oktoba 2020. Januari nikanunua daftari, nikaanza kuandika kila shilingi ya nyumba ile, iliyoingia na iliyotoka. Mwaka 2021 mpangaji alihama mwishoni mwa Februari, nyumba ikakaa tupu Machi, Aprili, Mei na Juni. Kwa hiyo niliingiza miezi minane tu, 2,400,000. Sasa sikiliza ilivyotoka. Kupaka rangi na kurekebisha alikoharibu mpangaji, 480,000. Simtanki na mabomba, 350,000. Gari la majitaka mara mbili, 240,000, kwa sababu shimo lilikuwa dogo na maji ya mvua yalikuwa yanaingia. Deni la maji aliloacha mpangaji, 187,000. Kijana wa kuangalia nyumba, 30,000 kila mwezi, mwaka mzima 360,000. Kodi ya TRA ya pango, asilimia 10, ni 240,000. Safari zangu tatu za kutoka Dodoma, nauli, kula na bodaboda za huku na huku, 600,000. Jumla 2,457,000.

Nilijumlisha mara nne nikidhani nimekosea. Nyumba isiyo na deni lolote, niliyojinyima miaka mitatu kuijenga, ilikuwa imenipeleka chini kwa 57,000. Hapo kodi ya ardhi bado sijaiweka.

Safari moja kati ya zile tatu ndiyo iliyonifungua macho. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Bodaboda alinishusha kabla ya kufika, akasema mbele hapitiki, nikavua viatu nikatembea kwenye tope. Kufuli la geti lilikuwa limeshika kutu, nikaazima mafuta ya kula kwa jirani ndipo likafunguka. Ndani, dari la jipsamu la sebuleni lilikuwa na duara la kahawia ukubwa wa sinia. Kwenye fremu ya mlango wa masta mchwa walishapanda mpaka usawa wa kitasa. Bomba mbili za nje hazipo, zimeng'olewa. Jirani yangu, mama mmoja mwenye genge, akaniambia, "Mama, watu wanakuja kuiangalia, nyumba wanaipenda. Wakifikiria barabara hii asubuhi wanaenda kazini, hawarudi." Nilikaa kwenye ngazi za barazani nikalia, siwezi kukuficha. Dari linazibwa, mchwa wanapigwa dawa. Barabara mimi ningeifanya nini?

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa hasara ni za aina mbili, na ndicho kilichonifanya nikuandikie. Kuna hasara yenye tarehe ya mwisho, na kuna hasara inayozaliwa upya kila mwaka. Ya mkopo ina tarehe. Unaijua mpaka mwezi: wako unaisha baada ya miezi 22, halafu ile 620,000 inarudi kwenye mshahara wako. Ya nyumba iliyo mahali ambapo wapangaji hawakai, yenye mwenyewe aliye mbali, haina tarehe. Mimi niliichanganya hii na ile kwa miaka miwili, nikawa nangoja mkopo uishe ili nyumba ipone, kumbe ugonjwa haukuwa mkopo.

Sasa yako. Umesema mpangaji ni familia moja, wana mwaka wa nne, wanalipa miezi sita sita. Kisima kipo. Wewe upo Temeke, fundi akikuita unafika siku hiyo hiyo na unasimamia mwenyewe. Kwa maelezo hayo hasara yako ni mkopo tu. 370,000 mara 22 ni 8,140,000. Hicho ndicho unachonunua ukivumilia: nyumba isiyo na deni kwa milioni nane na kidogo, tena kwa awamu. Nitajie nani mwingine atakuuzia nyumba Chamazi kwa bei hiyo.

Halafu mkopo wako ni wa mshahara. Nyumba iwepo au isiwepo, makato yanaendelea mpaka uufunge. Watu wengi wanasahau hili, wanauza wakidhani makato yatakoma, hela inaingia kwenye gari na sherehe, na makato bado yapo. Ukiwa na nia ya kuuza ili ulipe, nenda kwanza benki uombe salio la kufunga mkopo leo, kwa maandishi. Kama hati ipo benki kama dhamana ni habari nyingine, lakini hukusema hivyo.

Wifi naye usimpuuze, ana hoja moja nzito. Ile 370,000 unaitoa wapi? Kama inatoka kwenye ada ya watoto, au unaiziba kwa mikopo ya kausha damu, basi hiyo miezi 22 hutaimaliza salama, na hapo nitakuwa upande wake. Kaeni chini mumwage hesabu zote mezani, daftari alishike yeye. Na hata ukija kubadili mawazo ukauza, nyumba mliyochuma kwenye ndoa haiuzwi bila ridhaa yake, wakili wa mnunuzi ataidai saini.

Kitu kingine nilichokijua nikiwa nimechelewa ni mwezi mtupu. Niling'ang'ania 300,000 kwa sababu jirani alikuwa anapangisha hivyo. Miezi minne tupu ilinigharimu 1,200,000. Kama Februari ile ningempunguzia yule mpangaji 50,000 asihame, ningepoteza 600,000 kwa mwaka mzima, na rangi nisingepaka, na deni la maji lisingenikuta ghafla. Kwa hiyo mpangaji wako wa miaka minne, akija kulalamika kodi imemzidi, msikilize kwa upole. Akikuomba umrudishie kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, ile 1,500 kwa mwezi, mrudishie bila maneno. Ni deni la mwenye nyumba, si lake.

Kuuza kwenyewe kulinichukua miezi minane. Dalali wa kwanza alileta mtu wa milioni 38, akanihimiza nichukue haraka kabla hajabadili mawazo. Nilikataa, na nashukuru nilikataa, maana 2022 nikauza 52. Mama yangu alinuna karibu mwaka. Kwake kuuza nyumba ni kama kufiwa, na ule mwarobaini wa pale nje aliupanda yeye. Baada ya dalali, wakili na kodi, nikatia milioni 35 kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 25 inayouzwa na Benki Kuu (BoT), yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, wakati ule riba yake ilikuwa asilimia 12.56. Ni kama 4,396,000 kwa mwaka, inaingia mara mbili, na sijapigiwa simu usiku kwamba choo kimefurika. Kilichobaki kimemalizia nyumba ninayoishi hapa Nkuhungu.

Lakini nikueleze na upande wa pili, nisije nikakupotosha. Milioni 35 zangu zitabaki 35 miaka yote hiyo, na wewe unajua milioni 35 ya leo haitakuwa hii hii baada ya miaka 25. Ardhi inapanda. Nyumba ya pili kutoka iliyokuwa yangu, ndogo kuliko yangu, imeuzwa 60 baadaye. Iliniuma kusikia. Hata hivyo, ningebaki nayo ningeibeba miaka yote hiyo kwa mshahara wa mtumishi mwenye watoto watatu shuleni, na mshahara huo naujua.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua miezi 12 iliyopita, andika kila kilichotoka kwa ajili ya nyumba, ila makato ya mkopo yaweke ukurasa wake peke yake. Ukurasa wa nyumba ukionyesha kwamba kwenye ile 3,000,000 ya kodi inabaki hata milioni moja na nusu, vumilia. Ukionyesha sifuri au chini, rudi hapa uniambie nini kimekula, tuone kama kinatibika.

Na jambo moja zaidi, la haraka. Siku ya kuuza TRA wanatoza asilimia 10 ya faida, na faida inahesabiwa kwa kutoa ulichotumia kujenga. Mimi risiti zangu nilizitunza kwenye mfuko kabatini. Nilipozitoa, zile za EFD za saruji na nondo nyingi zilikuwa karatasi nyeupe tupu, maandishi yamefutika yote. Za kwako za bati na nondo, popote zilipo, zitoe leo uzipige picha.