Katalogi ipo mtandaoni, mbona vitabu vya Kiswahili haviazimwi?

Ndugu uliyeuliza kwa nini maktaba yenu hapa kisiwani ina Koha (programu ya kuendeshea maktaba na katalogi yake) na vitabu vya Kiswahili bado vinalala rafuni: kabla hujawalaumu wanafunzi, kaa kwenye kisanduku cha kutafutia uandike kama wao.

Andika "shairi", kisha "mashairi", kisha "ushairi". Majibu hayalingani, kwa sababu kwa kompyuta hayo ni maneno matatu. Kinyota cha mwisho wa neno, kinacholeta kila neno linaloanza hivyo, kinafaa lugha zinazobadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani, kwa hiyo "mtoto*" haikuletei "watoto" ng'o. Ongeza tahajia: Kurani na Qur'ani, utenzi na utendi (huku Pwani lazima ukutane na zote mbili). Mwanafunzi akipata sifuri mara mbili hamwulizi mkutubi. Anafungua Google kwenye simu, basi.

Dawa imo kwenye rekodi za MARC, yaani maelezo ya kila kitabu yaliyogawanywa katika sehemu zenye namba. 245 ibaki kama jina lilivyochapishwa kitabuni. Tahajia nyingine ya jina iende 246. Umoja, wingi na neno wanalotumia wasomaji viingie 653, sehemu ya maneno ya kutafutia. Watunzi wapewe rekodi zao za majina: mshairi Muyaka bin Haji awe na umbo moja kwenye 100, maumbo mengine yakae 400. Hapa ndipo wengi hukwama: 400 hazisaidii utafutaji wa vitabu mpaka uwashe mpangilio wa Koha uitwao IncludeSeeFromInSearches na kujenga faharasa upya. Usianze na maktaba nzima. Anza na 896.392, namba ya Dewey ya fasihi ya Kiswahili, umalize rafu hiyo.

Ukiwa hapo hapo rafuni, hakiki vitabu. Kilichopotea kiwekewe alama ya kupotea. Msomaji akiambiwa kipo, akapanda ngazi asikione, katalogi haiamini tena.

Halafu hesabu yenyewe. Safu ya "issues" katika rekodi za nakala za vitabu kwenye Koha huhesabu uazimaji tu, na kitabu kilichosomewa mezani hakimo. Washa mpangilio wa RecordLocalUseOnReturn, waambie wasomaji wasirudishe vitabu rafuni wenyewe, kisha kila kilichoachwa mezani kipitishwe skana kwenye ukurasa wa kurudishia. Hesabu itaingia safu ya "localuse". Na kama utafutaji wenu umeunganishwa na makala za kidijitali, uazimaji unaweza hata kushuka huku usomaji ukipanda, kwa hiyo idadi ya makala zilizofunguliwa iwekwe pamoja na hesabu hizo mbili.