Amevunjika mkono: je, mifupa yake ni dhaifu?

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka 12. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi za ghorofa tunamoishi, akavunjika mkono karibu na kiganja. Maziwa hayataki tangu utotoni, isipokuwa yakiwa ndani ya chai. Jirani ananihimiza nimnunulie vidonge vya kalsiamu, nami bei yake siimudu. Nifanyeje? – Mama Msomaji, Pipeline, Nairobi.

JIBU: Pole sana, mama, na umfikishie binti salamu zetu. Kuvunjika mara moja kwa kuanguka hakuthibitishi kwamba mifupa ni dhaifu, kwa kuwa msichana anaporefuka kwa kasi, mfupa hutangulia kurefuka kabla haujajaa madini ya kutosha, na ndiyo sababu mikono huvunjika sana katika umri huu. Hata hivyo umeuliza kwa wakati wake, maana takriban asilimia 90 ya mifupa ya msichana huwa imekwisha kujengeka anapofikia miaka 18.

Kuanzia miaka 9 hadi 18, mtoto huhitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Kikombe kizima cha maziwa kina takriban 300, kwa hiyo yale matone ya kwenye chai hayamfikishi mbali. Mjaribishe maziwa lala. Akiyakataa pia, mpikie omena, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, uji wa wimbi, ambao kwa kalsiamu huyaacha mahindi mbali sana, na sukuma wiki. Spinachi ni mboga nzuri, ila kalsiamu yake imefungwa na oksaleti, kemikali iliyomo ndani ya mboga hiyo, na mwili huambulia kidogo tu. Vidonge visubiri hadi daktari aliyempima aone haja.

Kwangu mimi, linalotia wasiwasi zaidi ni kukaa ndani. Nairobi ina jua tele, lakini mtoto anayeondoka alfajiri kwa basi la shule na kurudi jioni katikati ya maghorofa yaliyobanana hulipata kwa nadra, ilhali ngozi huhitaji jua ili itengeneze vitamini D, inayousaidia mwili kufyonza kalsiamu. Plasta ikishatolewa na daktari akiridhia, mwache arudie kuruka kamba na michezo ya bladaa na kati, kwa maana mfupa huimarika kwa kubeba mishindo ya kuruka na kukimbia.

Akivunjika tena kwa jambo dogo, akilalamikia maumivu ya mifupa yasiyokwisha, au miguu ikianza kupinda matege, mrudishe hospitalini bila kukawia.