Saa 9 ya Nani? Kwa Mwanafunzi Anayekwenda Kupima Upepo

Wadogo zangu mnaoandaa tasnifu za nishati ya upepo hapa Dodoma, naomba niwasimulie kosa lililonipotezea wiki 3. Nimelikuta tena kwenye kazi za wanafunzi wanaoniomba niwapitie, na linaniuma kila ninapoliona.

Nilipima upepo kwenye kijiji kimoja upande wa Bahi. Nilikuwa na mlingoti wa mita 10, anemomita ya vikombe (kipima kasi ya upepo), kipimajoto, na loga, yaani kifaa cha kurekodi data, iliyohifadhi wastani wa kila dakika 10. Kijana mmoja wa pale alinisaidia kujaza daftari: mawingu, vumbi, upepo ukikaza, upepo ukitulia. Nilipokaa na data, loga ikasema upepo unafika kilele 12:00. Daftari likasema saa 9. Nikaingiza 9:00 kwenye jedwali, nikaona tofauti ya saa 3, nikaamua loga ni mbovu. Nilibadilisha betri, nikasafiri mara 2 kwenda kuikagua, nauli yangu mwenyewe.

Siku nilipompelekea msimamizi, alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Hii saa 9 ni ya nani?"

Ilikuwa saa 9 alasiri, 15:00. Kijana aliandika kama tunavyosema sote nyumbani. Loga nayo ilikuwa imeachwa kwenye saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo 15:00 yetu kwake ni 12:00. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, tena juu ya upepo uleule. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza, kwenye safu ya joto: loga ilionyesha joto linaanza kupanda 3:30. Dodoma jua huchomoza karibu na saa 12 na nusu asubuhi. Joto halianzi kupanda saa 9 na nusu usiku.

Kwa hiyo kabla hujagusa safu ya upepo, chora grafu ya joto la siku moja isiyo na mawingu, utazame linaanza kupanda lini. Ukurasa wa kwanza wa daftari andika saa unayotumia, na msaidizi wako mwambie aongeze neno "asubuhi", "alasiri" au "usiku" kila mara. Ukichukua data za ERA5, yaani kumbukumbu za hali ya hewa za kituo cha Ulaya cha utabiri, kumbuka nazo ziko kwenye saa za Greenwich.

Kuhusu mahali pa kusimamisha mlingoti, nenda kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji ukiwa na barua ya chuo, na usiwe na haraka. Mimi nilitaka kuuweka karibu na ofisi ili uwe salama. Mzee mwenye shamba la jirani, baada ya shikamoo na mazungumzo marefu, akaniambia, "Mwanangu, mbuyu huu utakuibia upepo." Vitabu vinasema hivyohivyo kwa tarakimu: kaa mbali na kizuizi angalau mara 10 ya urefu wake. Mbuyu wa mita 15 unataka mita 150. Tuliuhamishia kwenye uwanda wazi, na ulinzi tukaupata kwa kuelewana na wachungaji wa pale.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoanguka. Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Saa moja ikiwa na mita 4 kwa sekunde na inayofuata 8, wastani ni 6, na 6 kwa kipeo cha tatu ni 216. Lakini 4 inatoa 64, 8 inatoa 512, na wastani wake ni 288. Ukitumia wastani wa mwezi peke yake, umeutupa upepo wa alasiri, na ndio unaozalisha umeme. Pia usichukue uzito wa hewa wa usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa ni nyepesi zaidi, na nguvu inapungua takriban asilimia 10 au zaidi.

Mwelekeo wa upepo usiutafutie wastani wa kawaida. Digrii 350 na digrii 10 zote ni upepo wa kaskazini, ila wastani wake wa kawaida ni 180, yaani kusini. Na mwelekeo ni unakotoka upepo, kama wavuvi wa pwani wanavyosema kusi na kaskazi.

Vumbi. Kuanzia Agosti vimbunga vya vumbi huzunguka mashambani na vumbi huingia kwenye beringi ya vikombe. Vikombe huanza kuzunguka kwa uzito, na kasi inasomeka ndogo bila loga kuonyesha hitilafu yoyote. Ukiweza, funga anemomita 2 kwenye mlingoti mmoja uzilinganishe kila wiki.

Ukimaliza, rudi kijijini na matokeo. Mimi nilichapisha grafu moja kwenye karatasi kubwa, tukaitandika chini ya ule mbuyu. Mzee alifuata mstari kwa kidole mpaka kileleni, akasema, "Hapa jua limepinda." Kisha akauliza kama upepo huo ungeweza kuvuta maji kisimani. Nikamwonyesha miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, ambayo upepo wetu ulikuwa na nguvu kuliko wakati wa mvua, na ndiyo miezi akina mama wanafuata maji mbali. Swali lake sikuwa nimeliandika popote kwenye tasnifu. Niliongeza sura.