Gemu kali inaweza kuokoa konsoli iliyododa?

SWALI: Mhariri, konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ikidoda sokoni si watoe tu gemu yenye jina kubwa kama Mario watu wanunue? Mbona wengine wanashindwa?

JIBU: Ndugu msomaji, gemu inasaidia sana ila peke yake haitoshi. Cheki Wii U, konsoli ya kampuni ya Nintendo, ilitoka 2012 na watu kibao hawakuelewa kama ni mashine mpya au ni ile pedi yenye skrini tu ya kutumia na Wii ya zamani, ikaja Mario Kart 8 mwaka 2014 ikauza kopi zaidi ya milioni 8 lakini konsoli yenyewe ikaishia kama milioni 13 na nusu basi. Yaani walionunua ni mashabiki walewale! Inauma, maana gemu ilikuwa tamu kweli, na ilipohamia Switch, konsoli iliyofuata ya Nintendo, 2017 ikauza makumi ya mamilioni.

3DS, konsoli ya mkononi ya Nintendo, ndo ilipona. 2011 ilianza kwa kusuasua, Agosti wakashusha bei Marekani toka kama dola 250 hadi 170, halafu mwisho wa mwaka wakaleta Super Mario 3D Land na Mario Kart 7. Mi naona bei ndo ilifungua mlango, gemu zikaingia.