Kabla hujapakia faili, uliza akaunti ni ya nani

Vijana wanaokuja kufanya mazoezi ya kazi pale ninapofanyia, hapa Lamu mjini, huanza kwa kuniuliza ni huduma gani ya kuhifadhi faili mtandaoni inayotoa nafasi kubwa ya bure. Hilo jibu lake ni jepesi. Google hutoa GB 15, MEGA 20, OneDrive na iCloud GB 5 kila moja, na Dropbox 2. Nikishataja hizo, huwauliza na mimi: akaunti utakayotumia ni ya nani, na mwenyewe asipokuwepo nani ataifungua?

Swali hilo nimelipata kwa uchungu. Nilikuwa nikikisaidia kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopeshana, na kijana mmoja mwenye bidii akajitolea kuyaingiza makaratasi yao yote kwenye Google Drive: daftari la michango, orodha ya wanachama, picha za risiti. Tulifurahi sana. Bi katibu yuko Matondoni, mweka hazina yuko Shela, na wote wawili wanaandika kwenye jedwali moja bila mtu kupanda boti. Baadaye kijana akapata kazi bara, akafungua akaunti mpya na ile ya zamani akaifuta. Siku ya kutayarisha hesabu za mwaka tukabonyeza linki, faili hakuna. Tulikaa jioni tatu tukizijenga upya hesabu zile kutoka kwenye jumbe za M-Pesa, mstari mmoja mmoja, na mikopo miwili mpaka leo hatukubaliani tarehe zake.

Kijana hakuwa na nia mbaya. Hakujua, na sisi hatukujua, kwamba faili ya Drive ni mali ya aliyeianzisha. Ukipewa ruhusa ya kuhariri unaweza kuandika na kufuta humo ndani, lakini hujawa mwenyewe. Akaunti ya mwenyewe ikifutwa, faili zake huondoka nayo kwa wote alioshirikiana nao. Kwa hivyo ukianza kazi mahali, usiyaweke mambo ya kikundi au ya ofisi kwenye barua pepe yako binafsi, hata ukiombwa kwa upole. Fungua akaunti ya kikundi, namba ya simu ya kurejeshea iwe ya kiongozi anayekaa hapahapa. Kama faili tayari ziko kwako na siku ya kuondoka imekaribia, fungua sehemu ya kushiriki, umteue mwenzako awe mmiliki, kisha umsimamie mpaka akubali. Asipokubali, umiliki haujahama. Jambo hili lifanye wiki moja kabla, si asubuhi ya safari.

Kuhusu linki nitasema kwa ukali kidogo. Kuna kutazama, kuna kutoa maoni, kuna kuhariri. Mpe mtu kile anachohitaji tu. Lakini ile ruhusa ya "mtu yeyote mwenye kiungo" usiiguse kwa folda yenye nakala za vitambulisho. Linki ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili huna tena namna ya kujua iko mikononi mwa nani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, kitambulisho cha mama wa watu ni amana.

Hizo GB 15 nazo zina mtego wake. Si za Drive peke yake: Gmail na Google Photos zinakula humohumo. Picha moja ya simu ikiwa MB 4, hazifiki hata picha 4,000, na tangu Juni 2021 Google haihifadhi tena picha bila kikomo. Ikijaa, Gmail huacha kupokea barua. Nimewahi kukaa na binti aliyekuwa akingoja kuitwa kwenye usaili, kumbe sanduku limejaa video za harusi. Tulizifuta tukiwa tumechelewa. Anayetafuta kazi na awe na akaunti ya barua ya kazi peke yake, picha zikae kwingine.

Usichanganye pia kuoanisha, yaani folda ya kompyuta na ya mtandaoni kufuatana kwa kila badiliko, na kuweka akiba, yaani nakala ya pili inayokaa peke yake. Folda ikiwa imeoanishwa, ukifuta faili kwenye kompyuta, hata mtandaoni inafutika. Itakaa kwenye pipa la taka la Drive siku 30, halafu basi. Na akaunti isiyoguswa miaka miwili Google inaweza kuifuta pamoja na vyote vilivyomo.

Wazee wetu wamesema usiache mbachao kwa msala upitao, nami naushika usemi huo hapa. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ikawa inasomeka duniani kote. Oktoba 2023 maktaba hiyo ikashambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa muda mrefu. Miswada yenyewe ilikuwa imebaki Lamu. Ikiwa taasisi kubwa namna ile inaweza kufungiwa nje ya nyumba yake, sisi wa akaunti ya bure tuwe na nakala ya pili kwenye diski ya nje, tuiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, maana chumvi ya hapa haichagui. Na kabla ya kupanda boti ya Faza au Kizingitini, weka alama faili unazozihitaji zifunguke bila intaneti.

Kile kikundi sasa kina akaunti yake. Nilipowaeleza akina mama kuhusu uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila kwanza kisha uthibitisho wa pili kama msimbo wa simu, nilidhani watachoka, kumbe walinielewa kabla sijamaliza, kwa sababu kisanduku chao cha pesa kina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu. Tukachapisha misimbo kumi ya akiba ambayo Google hutoa ya kuingilia simu isipokuwepo, tukaitia kwenye bahasha ndani ya kisanduku hichohicho. Kila msimbo hufanya kazi mara moja tu, kwa hivyo ukitumika, katibu huukata kwa kalamu mbele ya wenzake na kuandika tarehe pembeni.